Tela, Kontena na Gari la Kulala Katika Kiwanja cha Makazi: Magurudumu Hayaondoi Sheria

Msimu wa mavuno unapokolea, Lukozi huamka kabla ya jua. Magari ya Fuso na Canter hupakia kabichi, karoti, viazi mviringo na pilipili hoho zilizoteremshwa kutoka mashambani kwa vichwa na kwa bodaboda, kisha hushika njia ya Lushoto, Soni na Mombo kuelekea Tanga, Dar es Salaam na kwingineko. Yarudipo, baadhi ya magari hayo hulala majumbani mwa watu. Pamoja nayo hukaa matela yasiyo na kichwa cha kuyavuta, mabodi yaliyong'olewa kwenye malori yaliyochakaa, na makontena ya chuma yaliyogeuzwa ghala au duka. Barabara hiyo hiyo hupitiwa na wageni waendao Mtae na Mambo kutazama nyika ya Mkomazi kutoka ukingoni mwa milima. Wengine huja na tela la kulala au gari lenye hema juu ya paa, nao huomba nafasi ya kuegesha uani kwa mtu.

Wenye viwanja huuliza swali moja kwa namna nyingi: je, kitu kisicho na msingi, ambacho kinaweza kuvutwa kesho asubuhi kikaondoka, kinahitaji kibali? Jibu linalozunguka vijiweni ni kwamba hakihitaji, kwa kuwa kina magurudumu. Jibu hilo si sahihi, na anayelitegemea anaweza kujikuta na ilani mkononi, mgogoro na jirani, au ukingo wa udongo ulioporomoka juu ya jiko la mwenzake.

Sheria inatazama nini

Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inakataza mtu yeyote kuendeleza ardhi iliyo ndani ya eneo la mipango lililotangazwa bila kibali cha mamlaka ya upangaji. Neno "kuendeleza" ndilo lenye uzito. Wengi hudhani maana yake ni kujenga tu. Katika sheria hiyo maana yake ni pana zaidi: inagusa kazi za ujenzi na uhandisi, na inagusa pia badiliko la msingi katika matumizi ya ardhi, hata kama hakuna tofali lililowekwa. Kiwanja kilichotolewa kwa makazi kikigeuka kuwa maegesho ya malori ya kukodi, matumizi yake yamebadilika. Kontena likikaa uani mwaka mzima likiuza mbolea, matumizi yamebadilika vilevile. Kuwa na magurudumu, au kutokuwa nayo, hakubadilishi jambo hilo.

Kwa hiyo maafisa wa mipango huuliza mambo matatu kabla ya kuuliza kitu chenyewe kinaitwaje. Kitakaa muda gani? Kinatumika kwa kazi gani, na kwa manufaa ya kaya inayoishi hapo au ya mtu mwingine? Kimewekwa sehemu gani ya kiwanja, na kinawagusaje walio juu na walio chini yake? Katika milima kama hii, swali la tatu mara nyingi huyapita mengine mawili kwa uzito.

Nchi nyingine zimelipitia jambo hili. Uingereza, ambako matela ya kulala ni mengi na huitwa karavani, ilitunga sheria mahususi mwaka 1960 inayomtaka anayetumia ardhi yake kama kituo cha karavani awe na leseni. Huko familia huweza kuweka karavani yao bustanini na kuitumia kama nyongeza ya nyumba. Ugumu huanza karavani hiyo inapogeuka kuwa makao yanayojitegemea, au inapopangishwa. Hoja ni ile ile: kinachopimwa ni matumizi.

Ardhi ya kijiji nayo ina utaratibu wake

Sehemu kubwa ya ardhi wanayoishi wakazi wa wilaya hii ni ardhi ya kijiji, haimo katika eneo la mipango miji. Huko Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 ndiyo inayoongoza, pamoja na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Halmashauri ya Kijiji ndiyo msimamizi wa ardhi hiyo, na pale palipo na mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, mpango huo ndio unaosema wapi ni makazi, wapi ni shamba, wapi ni msitu wa hifadhi na wapi ni eneo la biashara.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika sana. Mwenye haki ya kimila hayuko huru kabisa kumkodisha kipande cha ardhi mtu asiye mkazi wa kijiji. Upangishaji wa namna hiyo unahitaji ridhaa ya Halmashauri ya Kijiji. Mfanyabiashara kutoka mjini anayeomba kuweka kontena lake "kwa miezi michache tu" kwenye uwanja wa mtu anaomba haki ya kutumia ardhi ya kijiji, hata kama makubaliano yenyewe yamefanyika kwa mdomo mbele ya kikombe cha chai. Miezi michache huwa miaka, mwenye kontena huuza biashara yake kwa mwingine, na yule mwingine hudai kwamba amenunua pamoja na mahali. Karatasi moja iliyoandikwa mapema, ikataja muda, eneo kwa hatua na kodi, na ikapitishwa na Halmashauri ya Kijiji, huepusha shauri la miaka.

Yasiyohitaji kibali

Ni haki kusema wazi kwamba mengi wanayofanya wakazi hayana tatizo. Mwenye Fuso anayelilaza gari lake uani kwake hahitaji kibali cha uendelezaji wa ardhi. Ndugu aliyekuja msibani na gari lake, fundi aliyeacha tela lenye mbao kwa siku tatu, mkulima anayehifadhi matenga kwenye bodi kuukuu kwa ajili ya mavuno yake mwenyewe: hao wanatumia kiwanja kama kaya zinavyotumia viwanja. Mgeni anayelala usiku mmoja au miwili kwenye hema au tela lake kwa mwenyeji wake naye yumo katika kundi hilo. Kinachotakiwa ni mwenyeji kumjulisha mwenyekiti wa kitongoji, kama inavyofanyika kwa mgeni yeyote alalaye kijijini. Kufanya hivyo humlinda mgeni na mwenyeji, kwani likitokea la kutokea usiku, uongozi unajua nani alikuwa wapi.

Mambo hubadilika pesa inapoingia kwa utaratibu. Anayepokea malipo kila usiku kutoka kwa madereva ili walaze malori kwake anafanya biashara, na biashara inahitaji leseni kwa mujibu wa Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972, pamoja na ardhi inayoruhusu kazi hiyo. Anayetangaza uwanja wake kuwa kambi ya watalii na kutoza wageni kwa hema au kwa tela ameingia katika huduma ya malazi ya watalii, ambayo iko chini ya Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Hakuna ubaya wowote katika kazi hiyo; wilaya hii inanufaika na wageni, na kambi inayoendeshwa vizuri ni kipato halali kwa kaya. Lakini choo, maji safi, mahali pa kutupa taka na njia ya gari la dharura ni masharti yanayopaswa kutimizwa kabla mgeni wa kwanza hajawasili, si baada ya malalamiko ya kwanza.

Mteremko

Hapa ndipo penye uzito wa habari hii. Nyumba nyingi za Usambara zimekaa juu ya ngazi: ukingo umekatwa kwa jembe, udongo ukasukumwa mbele, ukapatikana uwanja wa kuweka nyumba na jiko. Nusu ya ndani ya uwanja huo ni udongo wa asili ulioshikamana. Nusu ya nje ni udongo uliomwagwa, na hata ukikaa miaka kumi haushiki kama ule wa ndani. Mtu anayetafuta mahali pa kuweka kontena au tela karibu kila mara huchagua nusu ya nje, kwa sababu nusu ya ndani tayari ina nyumba.

Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6 hivi na upana wa mita 2.4. Likiwa tupu lina uzito wa zaidi ya tani 2. Likijazwa viazi au mifuko ya mbolea, huweza kupita tani 20. Uzito huo haukai kwenye sakafu yote. Hubebwa na pembe nne, kila pembe ikikandamiza kipande cha ardhi kisichozidi ukubwa wa sahani ya ugali. Lori lenye mzigo angalau hugawa uzito kwenye matairi mengi na huondoka asubuhi. Kontena hubaki pale pale, usiku na mchana, masika yote.

Kisha kuna maji. Paa la kontena la futi 20 lina eneo la karibu mita za mraba 15, na halina mfereji wa kukusanya maji. Mvua ya milimita 50 ikinyesha kwa siku moja, paa hilo humwaga lita zipatazo 740, sawa na madumu 37 ya lita 20. Kontena la futi 40 humwaga maradufu. Maji hayo huanguka kwenye ukingo ule ule uliolemewa. Anayeishi kwenye ngazi ya chini huanza kuona nyufa ndogo ukingoni, kisha matope jikoni, na mara nyingi huambiwa kwamba ni mvua tu. Si mvua peke yake.

Wazee wa milima hii wanajua kwamba mteremko hausamehe. Tangu mwaka 1981 mradi wa kuzuia mmomonyoko wa udongo na kilimo mseto, uliojulikana kwa kifupi kama SECAP, ulifanya kazi na wakulima wa Lushoto kupanda nyasi na miti kwenye kontua ili maji yapungue kasi na udongo ubaki shambani. Kanuni iliyofundishwa shambani ndiyo inayofaa uani: maji yaelekezwe mahali yanapoweza kwenda bila kuharibu, na mizigo mizito isiwekwe kwenye udongo uliomwagwa.

Kwa hiyo, hata pale ambapo kibali hakihitajiki, mwenye kiwanja anashauriwa kuweka kitu kizito upande wa ndani wa ngazi, juu ya mawe mapana au zege chini ya kila pembe, na kuchimba mfereji unaopeleka maji ya paa kwenye mtaro uliopo. Tela lililoegeshwa lisitegemee breki peke yake wala jiwe moja. Magurudumu yote yazuiwe kwa magogo upande wa kuteremka, mguu wa mbele ushushwe juu ya ubao mpana, na tela likae sambamba na kontua, lisielekezwe bondeni. Watoto hucheza chini ya matela. Jambo hili halihitaji sheria kulieleza.

Mipaka ya barabara na ya maji

Hifadhi ya barabara ni sehemu nyingine inayoleta ugomvi. Kwa barabara kuu na za mikoa, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 na kanuni zake zinahesabu mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Barabara nyingine, zikiwemo zilizo chini ya TARURA tangu mwaka 2017, zina upana wake kulingana na daraja la barabara, na ni vema mwenye kiwanja aulize ofisi ya TARURA wilayani kabla ya kushusha kontena. Tela lililoachwa ndani ya hifadhi ya barabara halipati haki yoyote kwa kukaa muda mrefu. Kwenye kona za milimani hilo ni zaidi ya suala la mipaka: dereva anayeteremka na mzigo wa viazi usiku wa ukungu hana nafasi ya kukwepa tela lisilo na viakisi mwanga.

Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Mtu asijidanganye kwamba tela si shughuli ya kudumu wakati limekaa misimu mitatu na magugu yameota hadi kwenye ekseli. Gari bovu linalovuja oili juu ya chemchemi linachafua maji ya kitongoji kizima, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inampa afisa afya mamlaka ya kuamuru kero ya namna hiyo iondolewe.

Kulala ndani ya chuma

Mwezi wa Juni na Julai baridi ya Lukozi haihitaji kuelezwa. Walinzi wa mizigo, utingo na vijana waliokuja kufanya kibarua sokoni hulala ndani ya makontena, kwenye mabodi yaliyofunikwa turubai au ndani ya kichwa cha lori, na baadhi yao huingiza jiko la mkaa ili kupata joto. Hili ndilo jambo la hatari kuliko yote yaliyotajwa katika makala haya.

Mkaa unaowaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala haamshwi nayo kwa kukohoa, kama inavyokuwa kwa moshi wa kuni. Huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na uzito wa viungo. Aliye macho hudhani ni uchovu, na aliyelala haamki. Nyumba ya udongo au ya tofali yenye madirisha na mianya chini ya bati hupumua kidogo. Kontena limetengenezwa lisiingize hata maji ya bahari, na mlango wake mara nyingi hufungwa kwa komeo la nje. Hata jiko lililofifia, lenye majivu juu na makaa mekundu chini, bado linatoa hewa hiyo. Tela la kulala la kisasa lenye jiko la gesi nalo lina hatari hiyo iwapo matundu yake ya hewa yamezibwa kwa nguo ili kuzuia upepo.

Mwenye kiwanja anayeruhusu watu walale katika kontena au bodi uani kwake ana wajibu wa kuhakikisha pana dirisha lililokatwa pande mbili, mlango unaofunguka kwa ndani bila ufunguo, na kwamba jiko halivuki kizingiti. Mablanketi yanagharimu kidogo kuliko jeneza. Vilevile, kontena lililohifadhi viuatilifu vya shambani lisiwe mahali pa kulala hata kwa usiku mmoja, hata kama chupa zimefungwa. Uhifadhi na uuzaji wa viuatilifu una masharti yake chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, na afisa kilimo wa kata ndiye wa kuulizwa.

Gari la mgeni kutoka nje ya nchi

Hutokea mgeni akapenda mahali, akaomba kuacha gari au tela lake uani kwa mwenyeji hadi atakaporudi mwaka ujao. Ombi huwa la kirafiki na huambatana na zawadi. Mwenyeji aulize jambo moja kabla ya kukubali: gari hilo liliingia nchini kwa hati gani? Magari ya watalii kwa kawaida huingia kwa kibali cha muda cha forodha au kwa hati ya kimataifa ya gari, na kila hati ina tarehe ya mwisho. Muda ukipita na gari bado lipo, linakuwa bidhaa ambayo ushuru wake haujalipwa. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, kukaa na bidhaa ya aina hiyo kunaweza kuwa kosa kwa aliye nayo, si kwa mwenye gari peke yake. Nakala ya hati, namba ya simu ya mgeni na maandishi yanayoonyesha tarehe ya kuondoka ni vitu vya kudai bila haya. Tela la hapa nchini nalo husajiliwa na kuwa na namba yake, tofauti na ya gari linalolivuta. Tela lisilo na namba, lililoletwa usiku na mtu asiyefahamika, ni la kutolewa taarifa.

Pa kuanzia

Mkazi anayetaka kuweka kontena, kupangisha sehemu ya kiwanja kwa maegesho au kufungua kambi ya wageni aanze kwa mwenyekiti wa kitongoji na Mtendaji wa Kijiji. Abebe hati yake, iwe hatimiliki ya kimila, hati ya kiwanja kilichopimwa au barua ya mauziano. Mchoro mdogo wa mkono unaoonyesha nyumba, choo, njia, mtaro na mahali kitu kitakapokaa. Na majina ya majirani wa pande zote, hasa wa ngazi ya chini. Mchoro huo si lazima uwe wa fundi. Karatasi ya daftari inatosha kuanzia mazungumzo, na mara nyingi mwenye kuchora hugundua mwenyewe kwamba lori halitapata pa kugeukia.

Kwa kiwanja kilichopimwa, maombi ya kubadili matumizi hupelekwa idara inayoshughulikia ardhi na mipango katika Halmashauri ya Wilaya kupitia kwa Mtendaji wa Kata. Hati ya kiwanja hutaja matumizi yaliyoruhusiwa, na kuyakiuka ni kukiuka sharti la umiliki wenyewe. Malipo yoyote ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo na hutolewa stakabadhi. Mtu anayeomba fedha taslimu ili "afumbie macho" kontena hakusanyi mapato ya Halmashauri.

Anayepokea ilani ya kuondoa kitu au kurejesha hali ya ardhi asiipuuze na asiichane. Aisome, aangalie imetolewa na nani, chini ya sheria gani na kwa muda gani, kisha afike ofisi iliyoitoa. Ana haki ya kueleza upande wake.

Majirani wakishindwana, shauri linaweza kuanza Baraza la Ardhi la Kijiji, ambalo kazi yake ni kusuluhisha. Ni muhimu kufahamu badiliko la sheria la mwaka 2021: Baraza la Kata halitoi tena hukumu katika migogoro ya ardhi, bali husuluhisha tu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya halipokei shauri mpaka Baraza la Kata lithibitishe kwamba usuluhishi umeshindikana, au siku 30 zipite bila usuluhishi kufikiwa. Wapo wanaoshikilia uamuzi wa Baraza la Kata uliotolewa baada ya badiliko hilo wakidhani ni hukumu. Ni vema wapate ushauri mapema.

Sheria ndogo hutungwa wapi

Mengi katika haya hayajaandikwa kwa kina katika sheria za nchi, na hayawezi kuandikwa huko. Bunge haliwezi kujua lori linaweza kulala wapi katika kitongoji fulani cha Lukozi, wala saa ngapi injini iwashwe alfajiri bila kuwaamsha wagonjwa. Ndiyo maana Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya mwaka 1982 inaiwezesha Halmashauri ya Kijiji kutunga sheria ndogo. Rasimu hujadiliwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, kisha hupelekwa Halmashauri ya Wilaya kuidhinishwa. Mkutano huo hupaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi anayo nafasi ndani yake. Mwenye Fuso anayo, na jirani yake wa ngazi ya chini anayo.

Historia ya karibu na hapa inaonyesha kwa nini hatua hiyo haipaswi kurukwa. Katika miaka ya 1940 na 1950 serikali ya kikoloni iliendesha mpango wa kuhifadhi udongo ulioanzia bonde la Mlalo, ukawalazimisha wakulima kulima kwa matuta. Lengo la kulinda udongo halikuwa baya. Lakini amri ilikuja na adhabu kabla ya maelezo, kazi ilikuwa nzito, hasa kwa wanawake, na watu waliupinga hadi ukavunjika kabla ya Uhuru. Miongo michache baadaye wakulima wa milima hiyo hiyo walipanda nyasi na miti kwenye kontua, safari hii wakishirikishwa.

Wasafirishaji wana hoja ambayo mikutano inapaswa kuisikiliza: gari lenye mzigo wa mboga haliwezi kuachwa popote, na dereva analilaza pale anapoliona. Mwenye ngazi ya chini naye ana hoja, kwamba hakununua kiwanja chini ya ghala. Kijiji kinaweza kutenga eneo la maegesho penye ardhi tambarare na mtaro mzuri, kikaweka ada inayolipia mlinzi na taa, na kikaamua kwamba kontena lolote katika makazi lisikae zaidi ya muda fulani bila ridhaa ya maandishi ya majirani. Kikiona inafaa, kinaweza pia kuamua vinginevyo. Anayetaka jambo hili liingie kwenye ajenda ya mkutano ujao anaweza kumwandikia Mtendaji wa Kijiji sasa, kabla ya tangazo la mkutano kubandikwa.